Mbuzi Kumi na Mmoja wa Ngarenaro

Nichekeni, lakini mnicheke taratibu, maana aibu hii nimeibeba miaka mingi peke yangu, na hata mume wangu aliisikia kwa mtu mwingine, tena msibani, kabla sijapata ujasiri wa kumwambia mwenyewe. Mimi Gladness, binti wa Mzee Anaeli wa kule Poli, mtoto wa watu wa kahawa na ndizi, mwimba alto wa kwaya ya usharika, niliwahi kusimama mbele ya meza ya wageni wa heshima nikatangaza kwa mdomo wangu kwamba nimewapa samaki dawa ya mbuzi. Na hilo, wenzangu, ndilo lililokuwa jambo la nafuu siku ile.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu anafungua kitu, huyu duka, yule gereji, yule kampuni ya kupeleka watalii mbugani, na huku mashirika ya umma yanapunguza watu kama anayepalilia. Mimi nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika moja hapa mjini. Siku walipobandika majina ukutani nilisoma la kwangu mara tatu nikidhani kuna Gladness mwingine. Hakukuwapo. Nikarudi nyumbani Poli na begi langu na godoro, mama akanipikia ndizi bila kuniuliza kitu, na baba akanisalimia halafu akaenda zake shambani kukata majani ya ng'ombe mpaka giza likaingia. Nilijiapiza kwamba njia ile sitaipandisha tena na godoro.

Basi nikapata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya Bi Saida, Ngarenaro. Vyumba tisa, ukumbi wa kulia chakula, ua wenye mpera. Bi Saida alikuwa mjane wa makamo, mzaliwa wa Pangani, aliletwa Arusha akiwa bibi arusi na baridi ya hapa hakuwahi kuizoea. Sweta juu ya kanga mwaka mzima. Alikuwa haongezi sauti hata kidogo. Akikukemea unaweza kudhani anakukaribisha chai, mpaka ukifika nyumbani ndiyo unagundua umekemewa. Aliniambia, "Miezi mitatu ya majaribio, mwanangu, halafu tutaangaliana." Nikapanga chumba Kijenge nikaanza kuhesabu wiki.

Pale ukumbini kulikuwa na tangi la samaki. La kioo, refu kama jeneza la mtoto (Mungu anisamehe, lakini ndivyo lilivyokuwa), na kaka yake Bi Saida ndiye aliyelileta kutoka Mombasa pamoja na samaki wa mapambo kumi na mmoja, wekundu, wadogo, mkubwa kuliko wote alikuwa kama kidole changu cha gumba. Kwa Arusha ya wakati ule lilikuwa jambo la kutazamwa. Watu walikuwa wanaingia kuomba maji ya kunywa ili tu wawaone. Kazi ya kuwalisha na kusafisha kioo nilipewa mimi, na nitasema ukweli, niliwapenda. Watu wa kwetu, hasa wazee, samaki hawana habari naye kabisa, baba yangu mpaka leo anamwita nyoka wa majini, lakini mimi wale wadogo wakiniona nikija walikuwa wanakusanyika kwenye kona ya chakula, na mtu ukishapunguzwa kazini, kiumbe chochote kinachofurahi kukuona unakithamini.

Mwezi wa tatu wa majaribio yangu samaki wakaanza kukonda. Mgongo unakuwa mkali, tumbo limevimba, chakula wanakitema. Halafu nikaona kitu kingine: huku nyuma, pale pa kutolea haja, vijiuzi vyekundu vimechungulia. Ukigusa kioo vinaingia ndani, ukitulia vinatoka. Bi Saida naye akaona mabadiliko, akaja na sweta lake akainama pale. "Gladi mwanangu, hawa samaki mbona wamekaa kama wamefiwa?"

Nikasema ni baridi.

"Basi iondoe hiyo baridi kabla ya Jumamosi," akasema. Kwa sababu Jumamosi ile ndiyo alikuwa anakuja Bwana Massawe, meneja wa kampuni mpya ya kupeleka watalii Momela, pamoja na wenzake wawili Wajerumani, mtu na mkewe, kula chakula cha mchana na kuangalia nyumba. Wakiridhika, watalii wao watakuwa wanalala kwetu kila wiki. Bi Saida alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu mwaka uliopita, na akaniambia wazi, bila kuzunguka, "Jumamosi ikipita salama, Jumatatu nakuandikia barua yako ya kazi." Sasa mnaelewa nilivyokuwa nawatazama wale samaki.

Mungu si Athumani, chumba namba nne alikuwa amelala bwana mmoja anayefundisha watu kuchimba mabwawa ya samaki. Jumatano jioni nikamvuta mpaka kwenye tangi. Akatazama kidogo tu, akacheka. "Dada, hawa wana minyoo ya tumboni. Huo uzi mwekundu ni mnyoo mwenyewe anapiga chabo." Akanieleza vizuri kabisa, hilo siwezi kumlaumu: dawa ni ile ile ya unga ya kunywesha mbuzi na kondoo, akaniandikia jina lake kwenye kikaratasi na kiasi cha kutia kwa kila ndoo ya maji, kidogo mno, cha kuokota kwa ncha ya kisu. Dawa inatiwa majini, hainyweshwi samaki mmoja mmoja. Tangi lifunikwe, maana mwanga unaiharibu dawa. Baada ya usiku mmoja hadi siku nzima minyoo inalegea, inaning'inia, inadondoka chini, na hapo unaifyonza kwa mpira pamoja na uchafu wote na kubadilisha maji, halafu baada ya wiki mbili tatu unarudia. "Usiogope ukiiona inaning'inia," akasema, "ndiyo inatoka." Alhamisi alfajiri akaondoka na basi lake.

Ijumaa asubuhi nikaenda dukani kwa Daktari Kivuyo. Huyu baba hakuwa daktari hasa, alikuwa bwana mifugo wa serikali, naye akapunguzwa kama mimi, lakini yeye akatumia akili akafungua duka la dawa za mifugo karibu na soko. Mtu mwaminifu sana. Koti jeupe, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na daftari kubwa ambamo alikuwa anaandika kila mnyama aliyeuziwa dawa, ana umri gani na anakaa wapi, kana kwamba bado anapeleka ripoti wilayani. Uaminifu wake ndio ulioniua.

Duka lilikuwa limejaa. Mbele yangu wazee wawili wa Kimaasai na shuka zao, nyuma yangu kina mama watatu, na mmoja wao kumbe ni mtu wa Poli, tunasali naye usharika mmoja. "We, huyu si Gladi wa Mzee Anaeli?" Shikamoo mama, marahaba, hamjambo mjini, hatujambo, baba je, na mahindi je. Zamu yangu ikafika. Nikatoa kikaratasi.

Daktari akakisoma, akanitazama juu ya miwani. "Dawa hii ipo. Ya mnyama gani?"

Hapo ndipo pa kusema "samaki". Neno moja. Lakini nikawafikiria wale wazee, ambao samaki kwao si mnyama wala si chakula, nikamfikiria yule mama wa Poli ambaye Jumapili, kabla mnada wa mavuno kanisani haujaanza, angekuwa ameshawaambia akina mama wote kwamba binti wa Anaeli amepunguzwa kazi na sasa mjini anawatibu nyoka wa majini minyoo. Nikasema, "Mbuzi."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja." (Hapo sikusema uongo. Idadi ilikuwa sahihi.)

"Wana uzito gani?"

Mimi akilini nina samaki. Nikasema, "Hawafiki kilo, Daktari."

Mzee mmoja wa Kimaasai akageuka taratibu akanitazama kuanzia miguuni. "Mbuzi," akasema Daktari, "hafiki kilo?"

"Wamezaliwa juzi."

"Wote kumi na mmoja?"

"Wote."

"Uui, pole mwanangu," akasema yule mama wa Poli, kwa huruma ya kweli, na wenzake wakaitikia pole, na mmoja akaanza kunieleza kwamba vitoto njiti vinawekwa karibu na mafiga. Daktari akavua miwani akaifuta. Akaniambia kwa upole, kama mwalimu, kwamba mbuzi aliyezaliwa juzi hana minyoo, hajala jani bado, minyoo ni ya mama zao. Nikasema basi ni ya mama zao. Akauliza mama zao wangapi. Nikaona hapa nitazaa ukoo mzima, nikasema, "Daktari, nipe tu hiyo ya kiasi, nimechelewa kazini." Akanipa. Akafungua daftari. "Wako wapi hao mbuzi?"

"Kwa Bi Saida. Ngarenaro."

Akaandika. Nikatoka pale jasho linanitoka mgongoni na baridi yote ile ya Juni, nikajipongeza kwamba yamekwisha.

Nilitia dawa Ijumaa saa sita mchana, nilipima maji kwa ndoo kama nilivyoelekezwa, nikalifunika tangi kwa kitenge changu. Hesabu zangu zilikuwa nzuri tu: Jumamosi asubuhi minyoo itakuwa imedondoka, nitafyonza, nitabadilisha maji, na saa saba wageni watakuta samaki wanaruka. Bi Saida sikumweleza. Nilitaka aone matokeo tu, aseme, huyu binti ana mikono.

Jumamosi asubuhi nikafunua pembe ya kitenge. Hakuna kilichodondoka. Minyoo imelegea kweli, imetoka nje, lakini imening'inia. Nikasema nitaipa mpaka saa tano. Saa nne Bi Saida akanituma sokoni kufuata ndizi mbivu na pilipili mbuzi, na sokoni Jumamosi mnapajua, niliporudi ni saa saba kasoro, na gari la Bwana Massawe liko nje.

Nikaingia ukumbini na kikapu mkononi. Kitenge changu kimekunjwa vizuri juu ya kiti. (Baadaye Bi Saida aliniambia alikivuta haraka bila hata kutazama, maana tangi la samaki halifunikwi shuka kama maiti, na alikuwa na haki.) Na samaki, jamani, samaki wote kumi na mmoja wanaogelea mbele ya wageni huku kila mmoja anaburuta nyuzi zake, na chini kwenye mchanga mweupe nyuzi nyingine zimeanza kulala. Nikaweka kikapu chini nikaenda kusimama mbele ya kioo. Nikapanua viwiko kidogo.

"Gladi, sogea mwanangu, wageni waone samaki," akasema Bi Saida kwa sauti ile ya kukaribisha.

Nikasogea.

Alikuwa amewapanga vibaya, maskini, bila kujua: yeye ameligeuzia tangi mgongo, Bwana Massawe yuko pembeni, na yule Mjerumani na mkewe wametazamana nalo uso kwa uso. Mama wa Kizungu alikuwa anatabasamu. Nadhani alidhani ni aina ya samaki wenye mapambo nyuma. Mezani kumejaa: pilau ya mbuzi yenye harufu ya kumfufua mtu, samaki wa kupaka wa nazi ambao Bi Saida aliwachoma mwenyewe kwa mkono wake, kachumbari, chapati, juisi ya ukwaju. Wanakula. Bwana Massawe ana tabia ya kutafsiri kila kitu, hata mtu akikohoa, na anawatafsiria wenzake kwamba mama huyu ni mpishi wa pwani, Arusha nzima hakuna. Yule mzee wa Kijerumani akajiongezea pilau mara ya pili. Nikaanza kupumua. Nikaiona barua yangu ya Jumatatu, nikaiona hata sahihi.

Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli uani, na sauti ya mlinzi wetu anasema, "Karibu Daktari, wapo ndani wanakula pilau ya mbuzi," na sauti nyingine inapiga ukelele, "Ya mbuzi?!"

Daktari Kivuyo aliingia na koti lake jeupe na viatu vya mvua, miwani inaning'inia, mkono mmoja ameuinua juu kama trafiki. "Msile! Jamani, msile hiyo nyama! Tafadhali wekeni chini!"

Vijiko vikasimama. Bwana Massawe, kwa mazoea tu, akatafsiri. Mzee wa Kijerumani alikuwa na tonge tayari mdomoni, akabaki nalo hapo hapo, halimezwi wala halitemwi.

"Daktari," akasema Bi Saida, ametulia kama maji ya mtungini, "karibu. Kuna nini?"

"Bi Saida nisamehe, kosa ni langu. Jana nilimuuzia huyu binti dawa ya minyoo ya mbuzi, nikasahau kumwambia kwamba mnyama aliyepewa dawa ile hachinjwi mpaka wiki ipite. Nimekumbuka leo nafunga duka. Nimekuja mbio. Na kumbe mmeshachinja!"

"Mbuzi gani, Daktari?"

"Mbuzi wenu. Wale kumi na mmoja."

Bi Saida akageuza shingo polepole, akautazama ule ua wake wenye mpera mmoja na kamba za nguo. "Kumi na mmoja," akasema. "Humu?"

"Wale njiti, na mama zao. Walikuwa wanaharisha?" Daktari akaniuliza mimi. Bwana Massawe akalitafsiri na hilo, tena neno likampotea akamalizia kwa mkono, na mama wa Kizungu akasukuma sahani yake mbele kidogo, kwa adabu, kwa kidole kimoja.

Sasa fikirieni nilipo. Nikinyamaza, pilau imekufa, Bi Saida ataonekana amewalisha wageni mbuzi wagonjwa. Nikisema kweli, naiokoa pilau, lakini pale katikati ya meza kuna sinia la samaki. Nilimtazama Bi Saida. Yeye alikuwa ananitazama bila hasira, anasubiri tu, na ile kusubiri kwake ilinifungua mdomo.

"Daktari, hakuna mbuzi."

"Wamekufa?"

"Hawajawahi kuwepo. Nyama ni ya buchani. Dawa nilinunua ya samaki."

Watu wote walitazama tangi kwanza. Halafu, wote kwa pamoja, kana kwamba wamepigiwa kengele, wakatazama sinia la samaki wa kupaka. Halafu tangi tena. Na safari hii mama wa Kizungu akaelewa kwamba yale hayakuwa mapambo. Bwana Massawe alikuwa hajatafsiri kitu, na hakukuwa na haja.

"Si hawa wa kwenye sinia!" nikasema. "Hawa wa kwenye sinia ni wazima, nimewanunua mwenyewe!" Nadhani hilo ndilo neno lililomaliza kila kitu.

Mngedhani Daktari angeona haya, aage aondoke. Wapi! Alikuwa ameshafika kwenye tangi, amevaa miwani, amepiga magoti. Baba wa watu maisha yake yote ametibu ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda na mbwa wa mkuu wa wilaya, lakini minyoo ikimtoka kiumbe mzima mzima mbele ya macho yake, kwenye maji safi, kupitia kioo, hajawahi kuiona. "Imefanya kazi!" akasema. "Ee Bwana, imefanya kazi! Njooni muone! Huyu anao wawili. Huyu, huyu ana mmoja mrefu, tazameni, huyooo, anatoka, anatoka, amedondoka!" Akageuka na uso wa furaha ambao sijauona kwa mtu mzima tena. "Bi Saida, hawa wanapona!"

Wageni hawakumkosea mtu adabu. Walikula ndizi mbivu moja moja (walizimenya wenyewe), wakanywa chai ya rangi, wakasifu bustani ambayo hatukuwa nayo. Bwana Massawe akasema watatujulisha. Ni zaidi ya miaka ishirini sasa, bado hawajatujulisha. Watalii wao walikwenda kulala kwingine, na kila wiki lile gari lilikuwa linapita barabara yetu likielekea Momela, na mimi nikilisikia naingia stoo kuhesabu mashuka.

Daktari alipokuja kuniaga pale mapokezi alikuwa amepoa, ameelewa alichofanya. "Binti yangu," akanong'ona, "kwa nini hukuniambia tu ni samaki? Ningekufungia dawa hiyo hiyo." Nikasema niliona haya, kulikuwa na watu. Akatikisa kichwa, akatoa daftari lake, akakata mstari ile sehemu ya mbuzi, akaandika samaki, kumi na mmoja, Ngarenaro. Akapanda baiskeli akaenda zake.

Nikabaki ukumbini peke yangu na meza ile. Nikachukua mpira nikafyonza mchanga wote, nikabadilisha maji ndoo kwa ndoo bila kupumzika, maana nilijua Bi Saida yuko chumbani kwake anaswali alasiri na akimaliza ataniita. Nilikuwa nimeshaliona godoro langu limefungwa kamba. Nilikuwa nimeshamwona baba anachukua panga anaenda shambani.

Hakuniita. Alitoka mwenyewe, akaketi mezani, akavuta lile sinia la samaki wa kupaka, akaanza kula kwa mkono, taratibu, samaki mzima, akauacha mfupa mweupe. Mimi nimesimama. Alipomaliza akanawa, akajifuta.

"Hii dawa nani alikufundisha?"

Nikamwambia, mgeni wa chumba namba nne, nikamweleza na yote ya dukani.

"Na ulipima sawasawa?"

"Ndiyo, Bi Saida."

"Samaki wangu watapona?"

"Watapona."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanacheza rede, nasikia mpira unagonga ukuta wetu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, hata chembe haikupanda:

"Barua ya Jumatatu haipo. Nakuongezea miezi mitatu ya majaribio. Si kwa ajili ya dawa, mwanangu. Dawa umeijua, na kazi ya mikono yako naiona. Ni kwa sababu uliwaonea haya watu wa dukani, wasiokupa hata maji, ukaja kuniaibisha mimi, ninayekulisha. Kamwulize mama yako kama hayo ni malezi."

Afadhali angenifukuza. Nililia palepale, na sweta lake likaja na kunipita, likaenda jikoni kuwagawia majirani pilau.

Niliimaliza ile miezi mitatu na barua nikaipata, na mama nilimwuliza kweli siku nilipokwenda nyumbani, akasema hayo siyo malezi, akanipa ndizi za kumpelekea Bi Saida nimwombe radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Ndizi zile nilizibeba kichwani tangu stendi mpaka Ngarenaro. Tangu hapo, mtu akiniuliza dukani kitu ni cha nini nataja kitu chenyewe, kwa sauti, duka lijae lisijae, mchungaji awepo asiwepo. Watu wanageuka wananitazama, na mimi nawaacha wanitazame.